Bakuli la Makohozi

Zamoyoni alilazwa kwa mafua makali, lakini siku hiyo daktari alikuja na habari nyingine. "Ugonjwa umeingia kwenye moyo," alimwambia Makame, mume wake. "Moyo umevimba na unapiga ovyo. Hata kushuka kitandani asishuke."

Makame alicheka. "Mafua haya haya, daktari? Huyu anadeka tu."

Daktari alipoondoka, kikohozi kilimbana Zamoyoni. Alinyoosha mkono kuomba bakuli la makohozi lililokuwa sakafuni. Makame aliziba pua kwa leso, akalisukuma bakuli kwa ncha ya kiatu. Halikumfikia mgonjwa.

"Liokote mwenyewe," alisema. "Mimi naona kinyaa."

Bi Mwanaidi, mgonjwa wa kitanda cha jirani, ndiye aliyejikokota, akalishika bakuli kwa mikono miwili na kumwekea chini ya kidevu. "Tema, mwanangu. Tema yote."

Zamoyoni alitema. Alipoinua macho, aibu aliyoizoea mbele ya mumewe haikuja. Alikiona kile kiatu kilichong'arishwa, ile leso yenye manukato, akavitazama kama mtu aliyekuta funza kwenye wali.

"Makame, kesho usije."

"Nisije? Nani atakuletea uji?"

"Usije kabisa. Nami nakuonea kinyaa."

Makame aliwatazama wagonjwa wengine, akingoja mmoja wao amtetee. Zamoyoni aligeukia ukutani, akaweka kiganja kifuani. Moyo ulipiga, ukasita, naye akausubiri.