Fomu Haikuuliza Meno

Mwaka wa tisini na mbili, pale Kisumu, mtaalamu wa usalama, Mzungu mgeni, alipaka rangi ramani yetu ya misaada. Wazungu nyekundu, wasipite Ahero. Madereva kijani, waendelee. Mimi karani wa stoo nilikuwepo, na sijasahau.

"Dishon, wewe ni mtu wa huku," alimwambia dereva wetu kwa Kiswahili chake cha kitabuni. "Hatari yako ni ndogo. Tia sahihi fomu hii, upeleke dawa kambini kwa waliochomewa nyumba."

Dishon, mzee wa miaka hamsini, hakushika kalamu.

"Bwana, mbele ya Ahero vijana wenye mishale wamefunga barabara. Kitambulisho hawaulizi. Wanasema tu, fungua mdomo."

Akaufungua wake. Meno sita ya chini hayakuwepo. Yaling'olewa alipokuwa kijana, kama ilivyokuwa desturi ya Wajaluo wa rika lake, na ufizi pale ulikuwa laini kama wa mtoto mchanga. Aliyeliona pengo hilo alijua kabila.

Mgeni aliigeuza fomu, akatafuta. Kundi la damu lilikuwepo. Nambari ya pasipoti ilikuwepo.

"Lakini kule watoto wanahara damu," akasema, sasa kwa sauti ndogo.

"Najua. Ni wetu." Dishon akachukua ufunguo wa gari. "Twende wote, Bwana. Mimi nitaendesha, wewe ukae mbele. Tukifika kwa wale vijana, fungua mdomo wewe kwanza."