Neno la Mlangoni

Kidole kimoja tu ndicho kilichobaki na nguvu, na kwa kidole hicho mume wake Zubeda alikuwa akiandika kaburi.

Kilipita juu ya kibao cha herufi kikitetemeka, kama mtu anayevuka matope: K, A, B, U, kikapumzika, kisha R na I. Ilikuwa hivyo tangu juzi, kila Zubeda alipoingia chumbani na uji.

"Apana, baba Maha," alisema. "Mungu hajakuita. We usitangulie."

Mgonjwa akakunja uso, akaanza upya. K, A, B...

Zubeda akatazama pembeni. Daktari alimwonya kwamba ugonjwa huu wa mishipa ya fahamu, ukishamnyang'anya mtu sauti, huweza kumvurugia hata herufi. Hakuamini. Si huyu aliyekuwa akichora mabango ya maduka mtaa mzima wa Buyenzi?

"Hodi!" Jirani alisimama mlangoni na sahani ya mandazi.

Uso wa mgonjwa ukachanua. Kidole kikarudi kwenye kibao: K, A, B, U, R, I. Kisha macho yake yakamwonyesha jirani kiti kitupu kando ya kitanda.

Zubeda akakitazama kiti, akakitazama kibao. Ri na bu zilikuwa zimepishana tu.

"Karibu!" akapiga kelele. "Kumbe unanikaribisha!"

Akacheka huku machozi yakimtoka. Akampa jirani bakuli la uji, akatoka, akaufunga mlango, kisha akagonga.

"Hodi, baba Maha?"