Kizingiti cha Mama Swee Geok

Kilikuwa kizingiti cha mbao nyeusi, kimo cha goti, na Teik Hin alikikazia macho kana kwamba kimemtukana. Magurudumu ya kiti chake yalishakigusa. Safari ilikuwa imeishia hapo.

Ndani kulikuwa na chumba cha chini, kikavu, choo karibu. Mji wote wa George Town, kisiwani Penang, alishauzunguka: huku ngazi, kule lifti mbovu, kwingine mwenye nyumba akiona kiti tu anakumbuka ghafla kuwa chumba kimeshachukuliwa. Kwake ni ghorofa ya tano, na miguu aliiacha barabarani chini ya lori. Jumamosi hospitali inakitaka kitanda chake. Akikosa hapa, atalala nje.

Alimwomba mwenye nyumba, Mama Swee Geok, mjane aliyeishi peke yake, amruhusu alete seremala akikate kile kizingiti.

Mama akamcheka. Mwezi wa wafu huu, mtaa mzima unachoma ubani, roho zinazurura zikitafuta makwao, halafu yeye azifungulie? Mtoto gani wa Penang hajui kwamba wafu hutembea miguu imekakamaa, goti halikunjiki? Kizingiti kirefu hawakivuki. Tangu enzi za babu wa mumewe hakuna mfu aliyekivuka, wala hatakivuka hata mmoja.

"Mimi niko hai, mama," Teik Hin alisema kwa hasira. "Mzimu gani unatafuta chumba cha kupanga?"

Mama alikuwa anatazama mikwaruzo ya zamani juu ya ile mbao, miwili, imeachana upana wa kiti.

"Hivi," aliuliza taratibu, "pasipo mtu wa kukunyanyua, huwezi kupita kabisa?"

"Siwezi."

"Hata ukiwa na hamu ya kufika nyumbani?"

"Hata ningekuwa nakufa. Ningebaki hapa hapa nje."

Mama akamfungia mlango usoni. Teik Hin alirudi wodini akimlaani njia nzima.

Ijumaa jioni simu yake ikalia. Mama Swee Geok alisema aje, kimeshakatwa.

Alikuta unga wa mbao bado umetapakaa barazani. Kizingiti kilikuwa kimesawazishwa na sakafu. Akaingia kwa msukumo mmoja, machozi yakimlengalenga, akaona aibu kwa matusi yote aliyommiminia mama wa watu. Mezani palikuwa na bakuli tatu za tambi, zinafuka mvuke. Akadhani kuna mgeni mwingine.

Alianza kushukuru, akaishia katikati. Kwenye madhabahu ya marehemu, kando ya picha ya mume, palikuwa na picha ya kijana anayetabasamu, mwenye macho ya mama, ameketi kwenye kiti cha magurudumu.

Mama hakuwa akimsikiliza. Alikuwa anatazama nyuma yake, mlangoni, na uso wake wote ulikuwa umechangamka.

"Sogea kidogo, Teik Hin," alisema. "Umemzibia mwenzio njia."