Probox ya Mama Ifrah

Felix aliingia dukani akichechemea kidogo, maana ufunguo wa gari alikuwa ameuficha ndani ya soksi.

Jeylani, shemeji ya bosi wake, alikuwa ameketi nyuma ya kaunta. "Leta ufunguo. Niko na safari ya Rongai."

"Nimeuacha nyumbani," Felix alidanganya.

Ruqia, mwenye duka hilo la dawa za mifugo pale Kitengela, ambaye wote walimwita Mama Ifrah, alikuwa amemwahidi Felix kwa mdomo tu: apeleke dawa sokoni miaka mitatu, kisha ile Probox ya kijivu iwe yake. Felix akafanya kazi. Alikula vumbi la njia ya soko la Ewuaso Kedong kila wiki, akalala garini mvua ilipomkwamisha matopeni, mpaka wafugaji wakiona tu Probox wanajua dawa ya Mama Ifrah imefika. Na sasa miaka imetimia, anachezewa! Shemeji mtu anachukua gari anavyotaka, na Mama Ifrah kila akiulizwa anasema ngoja. Angoje nini tena?

Akapita moja kwa moja hadi ofisi ya nyuma. "Mama Ifrah, leo tuandikiane."

Ruqia alishtuka. "Kwani neno langu halitoshi?"

"Neno lako liko. Lakini Jeylani pia yuko."

"Marehemu mume wangu hakuwahi kuandikiana na mfanyakazi wake. Ukiandika, ni kama umesema humwamini." Machozi yalimlenga. Hata hivyo alichukua kalamu.

"Andika gari ni langu kuanzia leo," Felix alisema. "Hata nikiacha kazi."

"Unataka kuniacha?"

"Ai, Mama Ifrah! Niende wapi na wewe ndiye mama yangu?"

Ruqia akaandika, akatia sahihi. Kisha akamwita Jeylani, akamwonya mbele ya Felix asiguse tena gari la wenyewe. Felix alitoka kifua mbele. Hatimaye haki yake alikuwa ameipata, na hakuna shemeji wa mtu angemnyang'anya.

Siku ya soko ilipofika, aliegesha mahali pake pa kawaida Ewuaso Kedong. Simu ikaita.

"Felix, uko wapi?" Ilikuwa sauti ya Ruqia. "Dawa za soko nimeshazipanga hapa mlangoni. Mbona hujapitia kupakia?"

Felix akaizima simu.

Wafugaji walikuwa wameshaanza kukusanyika. Mzee Kasaine, mteja wa siku nyingi, akasogea karibu, akamsalimu Kimaasai. "Sopa, Felix. Dawa ya Mama Ifrah imefika?"

"Mama Ifrah alifunga duka, mzee," Felix alisema kwa huzuni, akafungua buti ya gari, iliyojaa hadi juu dawa alizonunua mwenyewe. "Siku hizi mnanunua kwangu."