Abiria Aliyekataa Kupanda

Siku hizi uwanja wa ndege wa Mwanza hausafirishi mimba ya miezi saba bila idhini ya aliyemo. Karani akambandika Nakunda kipaza sauti tumboni, akauliza kwa heshima zote, "Mheshimiwa abiria, unaridhia kwenda Kilimanjaro? Teke moja ndiyo, mawili hapana."

Yakaja mateke mawili.

"Muulize tena, kaka yangu! Kwetu mimba ya kwanza tunazalia kwa mama."

"Dada, abiria ameshajibu."

Mumewe, Makoye, akabeba begi kwa huzuni iliyopangika vizuri mno. Nakunda akakumbuka kwamba mwezi mzima, kila baada ya chakula, mwanamume huyu alikuwa akilinong'oneza tumbo lake. "Namsalimia tu," alikuwa akisema.

Nyumbani wakamkuta mama yake Makoye ameshafika, uji unatokota jikoni.

"Pole, mkwe wangu. Nilijua tu utajifungulia hapa."

Nakunda akajifungia chumbani, akalishika tumbo kwa mikono miwili. "Mwanangu, niambie kweli. Baba yako ndiye aliyekufundi..."

Mateke mawili yakaja kabla hajamaliza kuuliza.