Mjusi Juu ya Dari

Chui alilifunga bwawa, kisha akaanza kuwaogopa wenye kiu. Akamtuma Mjusi, bingwa wa kujibanza, akasikilize vikao vya panya buku pangoni.

"Niletee jina la kila anayelalamika," alimwambia.

Mjusi akaganda darini kikao baada ya kikao. Siku moja baridi ya kipupwe ilimkakamaza, akaanguka puu katikati yao.

Bibi Buku, mkuu wa kikao, akamwokota na kumlaza kwenye majani makavu kando yake.

"Majani haya tulikuwekea tangu siku ya kwanza, mwanangu," alisema. "Tukadhani unaona haya kushuka."

"Mlijua nipo, na bado mkasema?"

"Watoto wana kiu. Tukinyamaza, Chui atajuaje?"

Mjusi alilala pale hadi mwili ukapata joto.

Asubuhi Chui akamuuliza, "Wamesema nini?"

"Bwawa lifunguliwe, watoto wanakufa kwa kiu."

"Nani amesema hivyo?"

Jani moja kavu lilikuwa bado limemganda Mjusi mgongoni.

"Mimi," alisema.