Kifuniko cha Rejeta

Pikapu ya marehemu ilizima mbele ya lango la mjane wake, ikifuka mvuke, magunia ya majani chai yakinyauka nyuma. Kipkurui, shemeji yake, alikuwa ameichukua kaburi likiwa bado bichi.

“Shemeji, leta maji. Hii gari ndugu yangu aliidekeza sana.”

Mjane alipofika na ndoo, Kipkurui alikuwa ameinamia injini, mkono mtupu juu ya kifuniko cha rejeta, maji yakichemka ndani. Marehemu alikuwa akingoja ipoe kwanza, halafu akifungua polepole kwa gunia, uso kando.

Mjane alifungua mdomo amwonye. Kilichotoka ni swali.

“Gari ya nani, Kipkurui?”

“Yangu,” akasema, akizungusha kifuniko. “Nani mwingine?”

Mjane akaweka ndoo chini, akarudi nyuma, akafumba macho kama anayeanza sala.